Tak! Stata ya Boti Ilivyonifunza Adabu Kihoto

Ziwa Naivasha lilipofurika mwaka 2020, mtaa wetu wa Kihoto uligeuka bandari. Boti zilizozoea kupeleka watalii Crescent Island zikawa zinahamisha magodoro na mitungi ya gesi. Yangu ilikuwa na injini kuukuu ya nguvu za farasi 40, ya kuchanganya petroli na oili, inayowashwa kwa ufunguo. Asubuhi moja nikazungusha ufunguo. Tak! Kisha kimya. Fundi wa kwanza hakugusa hata waya: “Hiyo ni stata, imeisha.” Nikanunua nyingine, nikafunga. Tak!

Haya ndiyo iliyonifunza:

1. Tega sikio kwanza. “Tak” moja maana yake relei inapokea amri ya ufunguo, lakini umeme mwingi haufiki kwenye stata, au stata yenyewe imekwama. Ikivuma bila kuzungusha injini, bendiksi, ile gia ndogo ya stata, haijapanda kushika meno ya flaiwili. Kukiwa kimya kabisa, angalia fyuzi, ufunguo na gia.

2. Gia, ndiyo. Injini nyingi za aina hii haziwaki kwa ufunguo ikiwa gia imeingia. Niliwahi kufungua kifuniko mbele ya abiria sita kabla mtoto mmoja hajaniuliza kama nimeweka frii. Sikuwa nimeweka.

3. Mita ya umeme ni bei rahisi kuliko stata. Hili ndilo lililoniuma. Mzee mmoja mvuvi alinikuta nimeshika kichwa, akaniambia, “Kijana, pima kabla ya kununua.” Betri iliyojaa vizuri husoma karibu volti 12.6 ikiwa imetulia. Unapowasha inashuka; ikianguka chini ya volti 9 na kitu, ama betri imechoka ama stata inavuta umeme kupita kiasi. Yangu ilibaki 12.4, haikutikisika. Mimi nilifurahi, mzee akatikisa kichwa: betri isiyoshuka wakati wa kuwasha haijabebeshwa mzigo wa maana. Umeme ulikuwa unazuiwa njiani.

Akaniambia niweke ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, naye akazungusha ufunguo. Kwa waya mzima mita ingesoma chini ya nusu volti. Ilisoma 9! Yaani karibu umeme wote ulikuwa unaishia kwenye waya mweusi wa hasi, ambao kwa nje ulionekana mpya. Tulipouchana pale ulipolala kwenye maji ya chini ya boti, shaba ilikuwa unga wa kijani. Watu husema maji ya Naivasha hayana chumvi, hivyo hayali waya. Yanakula, polepole tu.

4. Usiunganishe ncha mbili za relei kwa bisibisi hovyo. Mafundi hufanya hivyo kujua kama stata ni nzima, na jibu hupatikana mara moja. Lakini cheche hiyo hutokea karibu na mvuke wa petroli na gesi ya betri. Pitisha hewa kwanza, hakikisha gia iko frii, ama usifanye.

5. Usishikilie ufunguo. Sekunde 10, kisha uiache stata ipoe dakika moja au mbili. Ukilazimisha, unachoma koili. Na bendiksi usiipake grisi nzito, kwani hunasa uchafu na kugoma kupanda. Oili nyepesi kidogo inatosha.

6. Kamba ya kuvutia na kafi visitoke botini. Upepo wa alasiri hapa hukusukuma hadi kwenye magugumaji, na viboko hawangoji upime volti.

Waya mpya ulimaliza kazi, na stata ya zamani nikairudisha mahali pake. Maji yalipotuingilia tena mwaka 2025, ile mpya ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza nilivyopandisha juu ya kabati. Ingali kwenye katoni yake, na mke wangu bado huniuliza nitaifunga lini.