Mila nazo zichunguzwe, lakini kwa mizani moja

Mwezi Agosti 2014, Profesa Alexis Jay alitoa ripoti kuhusu mji wa Rotherham, Uingereza. Alikadiria kuwa watoto wapatao 1,400 walidhalilishwa kijinsia kati ya 1997 na 2013. Wengi wa waliotajwa kuwadhalilisha walikuwa wanaume wenye asili ya Pakistan, na baadhi ya maafisa walisita kulisema hilo kwa kuogopa kuitwa wabaguzi.

Ndugu msomaji, tangu hapo limekuwapo swali ambalo Waislamu wengi hulisikia kama tusi: je, mila za wahalifu zichunguzwe? Naam, zichunguzwe. Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatuamuru kutoa ushahidi wa haki hata dhidi ya jamaa zetu. Ila tuelewane kinachochunguzwa ni kipi. Uislamu umekwishaharamisha uchafu huo, hapo hakuna la kutafuta. Liko la kutafuta katika kazi za usiku, teksi na maduka ya vyakula, zilizowakutanisha watu hao na watoto wasio na mwangalizi. Na katika jamaa walioona wakafunga mdomo. Mwaka 2013 Mtandao wa Wanawake wa Kiislamu Uingereza ulieleza kuwa mabinti wa Kiasia nao walidhalilishwa, wakanyamaza kwa kuchelea aibu ya ukoo. Aibu hiyo ni mila, na anayefaidika nayo ni mhalifu.

Polisi nao wana mila zao. Wasichana wale wa kimaskini walionekana wahuni waliojitakia! Na uchunguzi wa kitaifa ulioongozwa na Jay huyo huyo ulisema mwaka 2020 kuwa Kanisa Katoliki nchini humo lilitanguliza jina lake mbele ya watoto. Hakuna aliyedai kila Mkatoliki ni mhalifu. Nasi tunadai mizani hiyo hiyo.

Wenye chuki hukimbilia takwimu. Ukaguzi wa Louise Casey, Juni 2025, ulikuta asili ya theluthi mbili ya wahusika haikuandikwa kabisa, ingawa kumbukumbu za polisi wa maeneo matatu zilionyesha Waasia wamezidi. Yaani kwa nchi nzima, anayelaumu na anayekanusha wote wanabahatisha.

Huko Rochdale waendesha mashtaka waliitupa kesi ya namna hii. Aliyeifufua mwaka 2011 ni mkuu wao wa kaskazini-magharibi, Nazir Afzal, Muislamu mwenye asili ya Pakistan. Mei 2012 wanaume tisa walitiwa hatiani.