Safu ya Afya: Je, chama na ulevi viko kwenye damu?

SWALI: Daktari, mimi ni mkulima wa korosho hapa Nanganga, jirani na njia panda ya Ruangwa. Ninamlea mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, tangu akiwa mdogo. Sasa ana miaka 19. Baba yake alikuwa mtu wa pombe za uraka na nipa kupita kiasi, mwepesi wa hasira, na alikuwa upinzani. Sisi nyumbani ni CCM damu tangu enzi za TANU. Kijana hakulelewa na baba yake, lakini siku hizi anabishana na wazee kijiweni kuhusu makato ya korosho na anasema atachukua kadi ya chama kingine. Ndugu zangu wanasema damu haipotei, nisitupe fedha za msimu huu kumpeleka chuo cha ufundi kwa sababu ataishia kilabuni kama baba yake. Nimesikia kwamba wanasayansi wamegundua siasa na tabia za mtu zinarithiwa. Ni kweli?
Mjomba, Nanganga

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Pole kwa kuondokewa na dada, na ahsante kwa kumlea mwanawe.

Nianze na lile linalosubiri fedha za mnada: mpeleke kijana chuo. Hakuna kipimo cha damu popote duniani kinachoweza kumtazama kijana wa miaka 19 na kusema huyu atakuwa mlevi au huyu atakuwa wa chama fulani. Ndugu zako wameambiwa jambo lenye chembe ya ukweli, kisha wakalivuta hadi mahali ambapo ukweli wenyewe haufiki. Hapo ndipo kijana anapoumia, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu.

Mpwa wako alichukua nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama. Wewe, kaka wa mama yake, unashirikiana naye karibu robo. Kwa hesabu hiyo baba amemwachia zaidi kuliko wewe, ingawa kwa mila zetu Wamakonde, Wamakua na Wayao ukoo hupita kwa mama na mjomba ndiye mwenye sauti. Hata hivyo wazee waliosema mtoto wa kiume hufuata wajomba hawakukosea kabisa. Mvulana hupata kromosomu yake ya X kwa mama peke yake, na yapo magonjwa yanayopita humo: damu kutoganda, kutotofautisha nyekundu na kijani, na upungufu wa G6PD, ambao ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria. Kama wewe au kaka zako mmewahi kukojoa mkojo mweusi au kupata manjano ghafla baada ya kumeza dawa, mpwa wako anapaswa kulijua hilo na kumwambia daktari kabla hajapewa dawa ya malaria iitwayo primakwini.

Sasa tabia na siasa. Utafiti uliosikia habari zake huenda ni wa mwaka 2005, wa John Alford, Carolyn Funk na John Hibbing wa Marekani. Walilinganisha mapacha wa yai moja, ambao vinasaba vyao karibu ni vilevile, na mapacha wa mayai mawili, ambao hulingana nusu tu kama ndugu wengine. Waliwauliza maoni yao juu ya mambo mengi: kodi, adhabu ya kifo, sala mashuleni na kadhalika. Mapacha wa yai moja walikubaliana zaidi. Kwa wastani wa maswali yote, karibu theluthi moja ya tofauti za watu ilihusishwa na urithi. Lakini walipouliza habari ya chama chenyewe, urithi ulishuka hadi asilimia 14, na malezi ya nyumbani yakabeba karibu asilimia 40. Hiki ndicho kipande ambacho wengi hukiacha wanaposimulia utafiti huo. Ukitafuta chama cha mtu, utakipata kwa aliyemlea kabla hujakipata kwenye vinasaba vyake.

Miaka minne baadaye Peter Hatemi na wenzake walifuatilia vijana mapacha wakaona jambo linalomhusu mpwa wako moja kwa moja. Kijana akiwa bado chini ya paa la wazazi, maoni yake ya siasa hufuata ya nyumbani na urithi hauonekani kabisa. Huanza kuonekana akikaribia miaka 20 na kuondoka nyumbani, anapoanza kujichagulia marafiki, kazi na mabishano yake. Kwa hiyo kijana wa miaka 19 anayeanza kupingana na wazee yuko palepale anapotarajiwa kuwa, awe mtoto wa baba huyu au wa baba mwingine.

Hapa kuna neno linalopotosha sana, nalo ni hiyo asilimia ya urithi. Watu husikia theluthi moja wakadhani theluthi ya mawazo ya mtu imeandikwa tumboni mwa mama. Sivyo. Chukua mikorosho. Panda miche ya kubebesha kutoka mti mmoja wa kituo cha utafiti cha Naliendele, ambayo kwa asili ni mti uleule, kisha nusu yake ipulizie salfa na nusu iachie ugonjwa wa ubwiriunga. Tofauti ya mavuno yote utakayoiona imetokana na matunzo, na urithi ni sifuri. Sasa panda mbegu za miti mbalimbali katika shamba moja, udongo mmoja, salfa ileile kwa kila mti. Tofauti karibu yote itatokana na mbegu. Mkorosho haujabadilika, kilichobadilika ni shamba. Ndivyo ilivyo asilimia ya urithi: inaeleza kundi fulani, mahali fulani, wakati fulani, na haisemi lolote juu ya mti mmoja uliosimama mbele yako.

Ndiyo maana siwezi kuzichukua namba za mapacha wa Marekani nikazibandika Nanganga. Tazama yaliyotokea kwetu. Toka 1965 hadi 1992 nchi hii ilikuwa na siasa ya chama kimoja upande wa Bara. Kama chama kingekuwa damu, damu ya mamilioni ya watu ilibadilikaje mara tu sheria ya vyama vingi ilipopita? Mwaka 2015 jimbo la Ndanda lilimchagua Cecil Mwambe kwa tiketi ya Chadema, na Tandahimba ikachagua mbunge wa CUF. Mwaka 2020 Mwambe huyohuyo alirudi bungeni kwa tiketi ya CCM. Vinasaba vya jimbo zima haviwezi kugeuka katika miaka mitano, hata mia. Vilivyogeuka ni vitu unavyovijua wewe kuliko mimi: vurugu za gesi za 2013 zilizofika hadi Masasi mjini, stakabadhi ghalani, msimu wa 2018 wakulima walipokataa bei za mnada, serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingizwa kubeba korosho. Mpwa wako akizungumzia makato, anazungumzia fedha zilizomlisha. Baba yake hana haja ya kuhusishwa hapo.

Kinachoweza kurithiwa kidogo ni mwelekeo wa moyo: mwingine hupenda mambo mapya, mwingine hupenda utaratibu, mmoja damu huchemka upesi, mwenzake hukaa kimya. Hata huo hauna jeni moja, na masomo ni hivyohivyo. Mwaka 2018 wanasayansi walichunguza watu milioni 1.1 wenye asili ya Ulaya kutafuta vinasaba vinavyohusiana na miaka ambayo mtu amesoma. Walipata sehemu zaidi ya 1,200, kila moja ikiwa na nguvu ndogo mno. Hata vinasaba vyote walivyovipima vilipojumlishwa, vilieleza asilimia 11 hadi 13 tu ya tofauti. Walipovijaribu kwa Wamarekani weusi, vikashuka chini ya asilimia 2. Waambie ndugu zako hilo, maana wao wanataka kumkatia kijana masomo kwa kipimo cha macho, wakati kipimo cha maabara kubwa kimeshindwa hata kuvuka kutoka jamii moja hadi nyingine.

Upo pia utafiti wa karibu na kwetu ambao mimi huupenda. Mwaka 2008 Dan Eisenberg na wenzake walichapisha habari za wanaume wa Ariaal, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Walitazama aina moja ya jeni iitwayo DRD4, ambayo kwingineko imehusishwa na kutotulia na kupenda mapya. Kwa wale waliokuwa bado wanahamahama na mifugo, wenye aina hiyo walikuwa na afya ya mwili nzuri zaidi. Kwa ndugu zao waliokwisha kuhamia vijijini, wenye aina ileile walielekea kuwa dhaifu zaidi. Walikuwa watu wachache na sitaki kuutwisha utafiti huo mzigo mkubwa. Lakini fikiria: kijana yuleyule asiyetulia anaweza kuwa mchungaji hodari porini na mtu wa taabu darasani, kwa sababu maisha yaliyomzunguka yamebadilika.

Nimeiacha pombe mwisho kwa sababu hapo ndugu zako wana haki ya kuogopa, hata kama hawana haki ya kuhukumu. Tafiti za mapacha na za watoto walioasiliwa zinakubaliana kwamba karibu nusu ya tofauti za watu katika kunaswa na ulevi inahusiana na urithi. Mtoto wa mlevi yuko hatarini zaidi, hata akilelewa mbali na baba yake. Wengi wao hata hivyo hawawi walevi.

Jambo moja ningependa kila mjomba wa Masasi na Newala alijue. Daktari Marc Schuckit wa California alifuatilia kwa miaka mingi vijana wa kiume ambao baba zao walikuwa walevi. Walionaswa zaidi baadaye ni wale ambao mwanzoni walikunywa kiasi kilekile na wenzao lakini hawakulewa sana. Kilabuni kwetu kijana wa namna hiyo husifiwa kuwa ni dume. Kumbe mwili wake haumpi ishara ya kuacha, naye huendelea kunywa hadi uraibu unamkuta. Mpwa wako akisimulia kwamba wenzake wameanguka na yeye amesimama, usicheke naye.

Kaa naye kabla mabibo hayajaanza kudondoka na umweleze habari ya baba yake yote, bila kumtukana marehemu au aliye hai. Mwambie kama ambavyo ungemwambia kwamba ukoo una kisukari. Asiyeanza kunywa hawezi kunaswa, kwa hiyo kwake yeye kutoanza kabisa ndiyo kinga ya uhakika. Nipa ni hatari zaidi kwa kuwa hakuna anayejua ukali wake hadi imemezwa. Na kijana mwenye kazi ya kushika asubuhi, fundi umeme au seremala, ana sababu ya kurudi nyumbani mapema ambayo kijana wa kukaa kijiweni hana. Ada ya chuo, mzee wangu, ni sehemu ya tiba.

Kadi ya chama ni yake. Ana zaidi ya miaka 18, na ubishi wenu kuhusu makato endeleeni nao, ila pasiwe na matusi.

Kama ukoo unataka kweli kuhangaikia damu ya kijana, kuna damu inayostahili hangaiko hilo. Hapa ni jeni moja tu inayohusika, na kipimo kipo. Tanzania huzaliwa watoto takriban 11,000 wenye sikoseli kila mwaka. Mtu anaweza kubeba nakala moja ya jeni ya ugonjwa huo akiwa mzima kabisa, tena akiwa na kinga kiasi dhidi ya malaria kali, na asijue. Wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne kuzaa mtoto mgonjwa. Siku kijana atakapoleta mchumba, waende pamoja hospitali ya Ndanda au Mkomaindo, waombe kipimo cha sikoseli kabla ya mahari kupokelewa.