Rejeta Inapohamishiwa Nyuma ya Gari: Somo la Usafirishaji wa Joto

Injini ya petroli hugeuza sehemu tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi ya kusukuma gari. Sehemu nyingine hutoka pamoja na moshi, na sehemu inayokaribia theluthi moja huingia katika kuta za silinda. Joto hilo lisipoondolewa, oili hupoteza uwezo wake wa kulainisha, kichwa cha silinda hupinda, na pistoni hukwama. Maji yanayozunguka ndani ya injini hulibeba joto hilo hadi kwenye rejeta, na huko hulikabidhi kwa hewa.

Katika magari mengi rejeta hukaa mbele, nyuma ya bampa. Hata hivyo, pikapu nyingi zilizojengwa kwa mashindano ya jangwani, kama yale ya Baja 1000 yaliyoanza mwaka 1967 katika rasi ya Baja California nchini Meksiko, hubeba rejeta nyuma ya chumba cha dereva. Baadhi ya magari ya matopeni nchini Marekani hufanya vivyo hivyo. Wazo la kuiondoa rejeta mbele si geni: lori la Mack AC, lililoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1916, lilikuwa na rejeta nyuma ya injini, mahali ambapo haikugongwa kwa urahisi.

Sababu za kuihamisha ni wazi. Matope huziba nafasi nyembamba zilizo kati ya mapezi ya rejeta, nayo hewa ikashindwa kupita. Jiwe au kisiki huweza kuipasua. Tena rejeta ikiondoka mbele, magurudumu na springi hupata nafasi ya kupanda na kushuka, na uzito hugawanyika vizuri zaidi kati ya ekseli mbili. Swali la kisayansi ni hili: faida hizo hulipiwa kwa gharama gani?

Kiasi cha joto

Tuseme injini inachoma kilo 12 za petroli kwa saa. Kilo moja ya petroli hutoa takriban megajuli 44. Kwa hiyo nishati yote ni kama kilowati 147, na theluthi yake ni kilowati 49. Hilo ndilo joto ambalo rejeta hulazimika kulitoa kila sekunde, iwe mbele au nyuma. Kuihamisha hakupunguzi hata juli moja.

Hewa ikiingia katika rejeta ikiwa na nyuzi 30 za Selsiasi na kutoka ikiwa na nyuzi 55, kila kilo ya hewa itachukua kama kilojuli 25. Basi huhitajika kilo 49 ÷ 25, yaani karibu kilo 2 za hewa kwa sekunde. Kwa kuwa mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto hilo ina tungamo la takriban kilo 1.15, huhitajika kama mita za ujazo 1.7 kila sekunde. Hewa hiyo itasukumwa na nini?

Upepo wa mwendo na upepo wa feni

Rejeta ya mbele husaidiwa na upepo wa mwendo wa gari. Shinikizo la upepo huo ni nusu ya densiti ya hewa ikizidishwa kwa mraba wa kasi. Kwa hesabu hiyo:

kilomita 30 kwa saa: paskali 40;
kilomita 60 kwa saa: paskali 160;
kilomita 90 kwa saa: paskali 360.

Kasi ikiongezeka mara tatu, shinikizo huongezeka mara tisa. Tuseme rejeta yetu huhitaji paskali 200 ili ipitishe hewa ya kutosha. Katika barabara kuu upepo wa mwendo huweza kutosha. Matopeni, gari likijikokota huku injini ikiunguruma kwa nguvu zote, upepo huo ni kama haupo. Hapo hata rejeta ya mbele hutegemea feni. Gari la mwendo mdogo, basi, halipotezi mengi rejeta inapohamishwa. Gari la mwendo mkubwa hupoteza sana, kwa maana nyuma ya kabini hewa huvurugika na haiji moja kwa moja.

Feni za umeme ndizo hujaza pengo hilo. Kusukuma mita za ujazo 1.7 dhidi ya paskali 200 huhitaji wati 340. Ikiwa feni na mota yake hutumia vema asilimia 40 tu ya umeme, betri na alteneta zitadaiwa wati 850, yaani ampea zipatazo 60 kwa volti 14. Alteneta ndogo isiyobadilishwa italemewa, betri itaisha, feni zitasimama, na injini itachemka.

Safari ndefu ya maji

Maji yakipoa nyuzi 8 ndani ya rejeta, huhitajika kama lita 1.5 kwa sekunde. Tuseme mabomba ya kwenda na kurudi yana urefu wa mita 6 na kipenyo cha ndani cha milimita 38. Yatabeba karibu lita 7 za ziada, na msuguano utadai takriban kilopaskali 2.5 tu. Lakini kwa mtiririko ule ule, msuguano hubadilika karibu na kinyume cha kipeo cha tano cha kipenyo. Fundi akitumia bomba la nusu ya kipenyo hicho, msuguano utakuwa kama mara 32 zaidi, yaani kilopaskali 80, na pampu ya maji itashindwa. Urefu husamehewa, wembamba hausamehewi.

Hatari mbili

Hatari ya kwanza ni hewa inayonaswa. Bomba linalopanda kisha kushuka hutunza povu kileleni, nalo huzuia maji. Kila kilele huhitaji kizibo cha kutolea hewa, na tangi la kujazia liwe juu kuliko sehemu zote.

Hatari ya pili ni kwa binadamu. Mfuniko wa rejeta unaoongeza kilopaskali 100 hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120. Bomba likipasuka, au mfuniko ukifunguliwa kukiwa na joto, shinikizo huanguka na maji hugeuka mvuke papo hapo. Kwa hiyo mabomba yapite nje, kando ya chesisi, na yasipite kamwe katika chumba cha abiria bila kizuizi imara.

Uamuzi

Rejeta ya nyuma hulifaa gari linaloshinda matopeni au miambani, mradi lipewe feni kubwa, alteneta inayotosha, mabomba mapana, na nafasi ya juu isiyofikiwa na matope ya magurudumu ya nyuma. Gari linaloshinda barabarani likiihamisha rejeta yake huuacha upepo wa bure na kuununua upya kwa umeme.

Maswali

1. Kokotoa shinikizo la upepo kwa kilomita 120 kwa saa. Ni mara ngapi ya lile la kilomita 60?
2. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 40 na ikitoka na nyuzi 55, zahitajika kilo ngapi za hewa kwa sekunde?
3. Eleza kwa nini rejeta iliyozibwa na matope haisaidiwi sana na kuongeza maji.