Jua Haki Zako: Ukiambiwa "Kaa nyumbani, msimu ukirudi tutakupigia"

Masika yakishika kasi mwezi Aprili, baa za Arusha na Moshi zinazotegemea watalii hupwaya. Meneja humwita mhudumu wa kaunta na kumwambia akae nyumbani, atapigiwa simu. Barua hapewi, mshahara hapati. Hapo ndipo haki nyingi hupotelea.

Wateja kupungua si kosa lako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imempa mwajiri njia halali za kufuata.

Anaweza kukupangia likizo ya mwaka kipindi hicho: siku 28 zenye malipo, nayo hulipwa kabla hujaondoka. Likizo bila malipo ni ya kukubaliana, haitangazwi na upande mmoja.

Anaweza pia kupunguza wafanyakazi, ila lazima atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nanyi au na chama chenu. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, au mshahara badala yake. Aliyetimiza miezi 12 mfululizo hudai kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10.

Unapoondoka, angalia pia "shoti", yaani upungufu wa stoo unaodaiwa kwako. Stoo ikihesabiwa na chupa mbili za wiski zisionekane, usikubali kukatwa kimyakimya. Mwajiri akuandikie hasara ni kiasi gani na wewe umehusikaje, kisha akusikilize. Makato hayo yasizidi robo ya mshahara.

Kubwa kuliko yote ni muda. Aliyefanya kazi miezi 6 au zaidi akiachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine, kama mshahara, ni siku 60. Ukingoja simu ya Julai, utakuta muda umekwisha.

Kwa hiyo mtumie meneja ujumbe leo hii: "Je, bado ni mfanyakazi wako? Narudi lini? Mshahara wa mwezi huu je?" Jibu lake litunze pamoja na ratiba za zamu. Kama huna mkataba wa maandishi, usikate tamaa: mkibishana juu ya masharti ya kazi, mwajiri ndiye wa kuthibitisha. Akikaa kimya, nenda ofisi ya Tume iliyo karibu nawe ukajaze fomu ya malalamiko kabla siku hazijakupita.