Panga Madirisha, Okoa Kadi: Mwongozo kwa Wasanifu wa Nasser Road

Kwenye Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, msanifu wa kadi za kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa) hupokea majina ya wahusika kwa WhatsApp, kisha huyaandika kwenye programu ya usanifu. Akiwa anafungua dirisha hili na kuficha lile, jicho husahau njiani: Kizza anageuka Kiiza, Ssemakula anapoteza s moja. Kosa linaonekana kadi zikishachapwa, karatasi na wino vimekwisha kwenda. Kinga yake ni kuweka maandishi ya mteja na kazi yako ubavu kwa ubavu.

Hatua ya 1: Punguza. Bakiza madirisha mawili tu ya kazi iliyo mkononi, mengine yashushe. Maandishi ya mteja yakae kushoto, kazi yako kulia, siku zote, ili jicho lizoee.

Hatua ya 2: Gawa skrini.

*Windows:* Bofya dirisha la WhatsApp. Shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, bonyeza mshale wa kushoto. Dirisha litajaza nusu ya skrini, na upande wa pili vitatokea vijipicha vya madirisha yaliyobaki. Bofya cha kazi yako. Kwenye Windows 11, nembo ya Windows pamoja na Z huleta mipangilio mingine ya kuchagua.

*Mac:* Kuanzia macOS Sequoia ya mwaka 2024, buruta dirisha hadi ukingo wa kushoto. Kivuli cha nusu skrini kikitokea, liachie. La pili lipeleke kulia. Kwenye matoleo ya nyuma yake, bonyeza kitone cha kijani kilicho juu kushoto mwa dirisha bila kuachia, mpaka upewe nafasi ya kuchagua upande.

*Ubuntu:* Kitufe chenye nembo ya Windows hapa huitwa Super. Super na mshale wa kushoto au wa kulia hugawa skrini. Super na mshale wa juu hurudisha dirisha kwenye skrini nzima.

Hatua ya 3: Sogeza mpaka. Nusu kwa nusu hubana kazi kwenye kompyuta ndogo. Weka kielekezi katikati ya madirisha hayo. Kikigeuka mshale wa pande mbili, vuta kuelekea kushoto. Ujumbe wa mteja unatosha theluthi moja ya skrini, usanifu upewe nafasi iliyobaki.

Hatua ya 4: Tenga kila mteja. Mwenye bango akiingia kabla ya kadi kwisha, usirundike madirisha yake juu ya haya. Fungua eneo-kazi jipya. Kwenye Windows, bonyeza nembo ya Windows, Ctrl na D kwa pamoja. Kuhama, tumia nembo, Ctrl na mishale. Kwenye Mac, bonyeza Control na mshale wa juu, kisha alama ya kujumlisha iliyo juu kulia. Kwenye Ubuntu, Ctrl, Alt na mishale ya kushoto na kulia hukuhamisha.

Hatua ya 5: Hakiki na mteja. Mkalishe mbele ya skrini. Mmoja asome jina upande wa kushoto herufi kwa herufi, mwingine afuatilie kulia. Kisha tarehe, saa na namba za simu. Kazi isiende mashineni kabla hajaridhika.