Nyama ya Aligeta Jikoni Kwako

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia kusini mwa Marekani, hasa Louisiana, Texas na Florida. Huko nyama ya aligeta huuzwa madukani karibu na samaki na kamba, na jirani anaweza kukuletea pakiti kama zawadi. Aligeta ni jamaa wa mamba tunayemjua mitoni kwetu, ila pua yake ni pana zaidi. Nyama yake ina protini nyingi na mafuta machache, na ni chakula halali kisheria. Usiiogope. Fuata kanuni zake tu.

Inunuliwe wapi

Zamani aligeta aliwindwa hadi akakaribia kuisha. Mwaka 1967 aliingizwa katika orodha ya wanyama walio hatarini, na mwaka 1987 ikatangazwa kwamba amepona. Leo huwindwa kwa msimu na kwa kibali, na wengine hufugwa. Kwa hiyo yule anayeonekana kwenye mfereji nyuma ya nyumba asiguswe. Kumuua bila kibali ni kosa la jinai, na ni mnyama wa hatari. Nunua dukani, pakiti iwe haijatoboka na iwe na lebo ya aliyeitayarisha. Barafu nyingi iliyochanganyika na damu ndani ya pakiti ni dalili kwamba nyama iliyeyuka ikagandishwa tena, iache.

Soseji za aligeta mara nyingi huchanganywa na nguruwe, basi soma lebo. Tena, Waislamu wa madhehebu ya Shafi'i, ambao ndio wengi pwani yetu, hawali mamba, kwa hiyo mgeni aambiwe ni nyama gani kabla sahani haijawekwa mbele yake. Kwa Wakatoliki, Askofu Mkuu wa New Orleans, Gregory Aymond, alieleza mwaka 2010 kwamba aligeta huhesabiwa pamoja na samaki, hivyo anaweza kuliwa Ijumaa za Kwaresima.

Mama mjamzito na watoto

Aligeta wa porini huishi miaka mingi akila samaki na wanyama wengine, na zebaki iliyomo majini hujikusanya mwilini mwake. Tatizo hili linajulikana sana katika kinamasi cha Everglades, Florida. Zebaki haitoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kuchoma. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wale kidogo, tena mara mojamoja, na ikiwezekana wapewe nyama ya aligeta wa kufugwa. Huyo huchinjwa akiwa bado mdogo, kabla zebaki nyingi haijajikusanya.

Kabla ya moto

Yeyusha nyama ndani ya friji, kwenye bakuli lenye kina ili maji yake yasidondokee mboga. Anza jana yake. Usiiache mezani kutwa nzima: nje inapata joto na bakteria wanaongezeka, huku katikati bado ni barafu.

Tunajua wengi wetu tumelelewa tukiosha nyama kwa maji na limau. Hapa tunakuomba uache. Bakteria wa Salmonella hupatikana sana kwa wanyama jamii ya mamba na kobe, na maji ya bomba huwarusha hadi kwenye sinki, vyombo na kachumbari iliyo kando. Limau haliwaui, na friza pia haiwaui. Kama kuna utelezi, futa kwa karatasi ya jikoni uitupe, kisha nawa mikono kwa sabuni. Limau litumie kwenye viungo, nyama ikilowekwa ndani ya friji.

Sasa kisu. Mafuta ya aligeta, yale ya manjano au meupe kandokando ya minofu, ndiyo yenye shombo kali. Yaondoe yote bila huruma. Wanaosema nyama hii inanuka aghalabu walipikiwa pamoja na mafuta yake. Mkia una nyama nyeupe, laini kiasi, inayofanana na kifua cha kuku. Ikate vipande vidogo kukingama na nyuzi zake. Miguu ni myekundu na migumu zaidi, inafaa mchuzi wa kuchemka taratibu. Kisu na ubao uliotumia visiguse saladi wala mkate kabla ya kuoshwa kwa maji moto na sabuni.

Motoni

Nyama ya mkia hubadilika kuwa nyeupe mapema, na hapo ndipo wapishi hudanganyika. Usiamue kwa rangi. Nunua kipimajoto cha nyama, kichome katikati ya kipande kinene zaidi: kisome nyuzi 74 za Selsiasi, yaani 165 za Farenihaiti. Hatua hii ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote.

Watu wa Louisiana hukaanga unga kwenye mafuta hadi uwe kahawia, wakatia kitunguu, pilipili hoho, selari, nyanya na pilipili kali, kisha nyama ikachemka humo kwa moto mdogo mpaka ilainike. Kwa wali ni mlo mzuri sana. Ukitaka kukaanga, vipande viwe vya ukubwa mmoja na visijazane kwenye karai, la sivyo mafuta hupoa na katikati hubaki bichi.

Mabaki na dalili za ugonjwa

Chakula kisikae nje zaidi ya saa 2, au saa 1 kama joto la mahali ni zaidi ya nyuzi 32 za Selsiasi, na majira ya joto huku hilo ni jambo la kawaida. Mabaki yaliwe ndani ya siku 3 hadi 4, yakipashwa hadi nyuzi 74 tena.

Salmonella huleta kuhara, homa na tumbo kusokota, kuanzia saa 6 hadi siku 6 baada ya kula. Mpe mgonjwa vinywaji kidogokidogo, mara kwa mara. Mpeleke kwa daktari akihara damu, homa ikifika nyuzi 39, akitapika kila anachokunywa, mkojo ukipungua, au kuhara kukizidi siku 3. Mtoto mchanga, mzee na mjamzito wasingoje dalili hizo. Mwambie daktari mgonjwa alikula nini na lini. Hospitalini omba mkalimani wa Kiswahili. Huduma hiyo hailipiwi, na mtoto wako asifanywe mkalimani.