Musaidizi wa Kine: Mikono Yenye Kufundisha Mwili



Kila mara unapoleta mutoto ku kilo, labda unapita karibu na chumba kimoja cha hospitali chenye hakina harufu ya dawa. Ndani hamuna shindano wala chupa. Kuna mukeka chini, miti mbili za kushikilia, kiti kidogo cha mbao, mupira, na mutu mumoja aliyepiga magoti, anashika muguu wa mutoto. Mama wengi wanachungulia, wanasema: "Kule hawatoe dawa, wanacheza tu na watoto." Kiisha wanaenda zao.

Somo letu la leo ni juu ya ule mutu aliyepiga magoti. Tutaona kazi yake ni nini, namna gani mutu anajifunza kazi ile, na sababu gani kazi yake haiwezi kumalizika bila wewe mama.

KINE NI NINI?

Jina lake kamili ni kineziterapi. Watu wanasema tu "kine". Dawa inaweza kuua vijidudu mu mwili. Munganga wa kupasua anaweza kunyosha mufupa. Lakini hakuna dawa ya kufundisha muguu kutembea. Muguu unafundishwa na kazi, kidogo kidogo, siku kwa siku, kama vile mutoto anajifunza kusema.

Kine ni mutu aliyesoma ni kazi gani inafaa mwili gani. Anapima nguvu ya mukono na muguu, anaangalia kila kiungo kinakunjika mpaka wapi, kiisha anapanga mazoezi. Musaidizi wake anafanya mazoezi yale pamoja na mugonjwa. Anaandika ku karatasi namna mugonjwa anavyoendelea. Akiona jambo jipya, kama vile kuvimba, homa ama maumivu makali, hatengenezi kwa akili yake mwenyewe. Anaita kine ama munganga. Tena anafundisha watu wa nyumba ya mugonjwa, na kazi hii ndiyo inayoshinda zote.

NANI ANAPELEKWA KWA KINE?

1. Mutoto aliyezaliwa na muguu umepinda kuelekea ndani.
2. Mutoto asiyekaza shingo, ama mwenye mikono na miguu migumu kama fimbo. Mara nyingi ubongo wake uliumizwa: alikawia kupumua wakati wa kuzaliwa, ama alikuwa na macho manjano sana siku za kwanza, ama malaria ilipanda mu kichwa, ama alipata meninjiti.
3. Mutoto mupya asiyeinua mukono mumoja, juu mushipa wa bega ulivutika wakati wa kuzaliwa kwa shida.
4. Mutoto ambaye muguu wake ulilegea kisha kupigwa shindano mu tako. Mu tako munapita mushipa mukubwa wenye kupeleka nguvu ku muguu. Shindano ikiugusa, ama dawa kali kama kinini ikimwagika karibu nao, muguu unaweza kufa ganzi. Mama, usilazimishe infirmiye kupiga mutoto shindano wakati dawa ya kunywa inatosha.
5. Mutoto wa polio. Mwaka 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeshinda polio ya asili. Lakini kisha mwaka ule polio ya aina ingine imeendelea kupatikana mu Congo, mahali watoto wengi hawakupata chanjo. Usikose siku ya matone.
6. Mutoto aliyeungua na moto. Ngozi inapopona inajikunja, na mukono unaweza kubaki umekunjwa kama haukunyoshwa mapema.
7. Mama mwenyewe. Wakati uchungu wa kuzaa unakawia sana, kichwa cha mutoto kinafinya mishipa, na mama anaamka na muguu unaoburuta chini. Vilevile mama aliyetengenezwa fistula, anayepitisha mukojo bila kujua, anaweza kufundishwa kukaza misuli ya chini. Usione haya. Kine anajua mambo haya, na hayatangazi.

MUFANO: MUGUU ULIOPINDA

Kati ya watoto elfu moja wanaozaliwa, karibu mumoja ama wawili wanazaliwa na muguu ule. Si zambi ya mama, si laana ya ukoo, si juu mama alikula kitu fulani. Na muguu huu unatengenezeka. Njia inayotumiwa leo ilianzishwa na munganga Ignacio Ponseti, mu jimbo la Iowa, Marekani, karibu na miaka ya 1940. Inaenda hivi.

Kine anashika muguu mudogo na kuusukuma pole pole kuelekea nje, bila kuumiza. Halafu anaufunga na platri, ile chokaa ngumu, toka vidole mpaka juu ya paja, goti likiwa limekunjwa. Kazi ya musaidizi ni kushika muguu vile umewekwa, bila kutikisika, mpaka platri ikauke. Watu wanaona kazi ndogo. Lakini mukono wake ukiteleza kidogo tu, juma lile limepotea. Kila juma platri inatolewa, muguu unasukumwa tena kidogo, platri mupya inafungwa. Mara nyingi platri tano mpaka saba zinatosha kunyosha muguu. Kiisha, kwa watoto wengi, munganga anakata kidogo mushipa wa nyuma ya kisigino, na platri ya mwisho inakaa majuma matatu.

Siku ile muguu unaonekana mzuri, na mama anafurahi. Lakini hapa ndipo watoto wengi wanapotea. Muguu uko na tabia ya kurudi kwenye ulitoka. Juu ya ile, mutoto anavalishwa viatu viwili vilivyofungwa ku chuma kimoja. Miezi mitatu ya kwanza anavivaa muchana na usiku, saa 23 kwa siku: saa moja tu ya kuoga na kucheza. Kisha ile anavivaa wakati wa kulala, mpaka atimize miaka minne ama mitano.

Mama, unasikia hesabu ile? Kazi ya hospitali ni majuma machache. Kazi ya nyumba ni miaka. Mutoto atalia siku za kwanza. Bibi yake atasema: "Munatesa mutoto, toeni chuma ile." Baba atasema: "Feza ya gari inaisha, na muguu umekwisha kunyoka." Ukitoa viatu kwa huruma, muguu utapinda tena, na safari itaanza upya. Ukivumilia, kuna tumaini kubwa kwamba mutoto atakimbia na wenzake, na wageni hawatajua kama alizaliwa hivi.

Ikiwa platri iko ku muguu, angalia vidole kila asubui na mangaribi. Vikiwa vya baridi, ama vimevimba, ama vimegeuka rangi, ama vimeingia ndani ya platri, usingoje siku ya randevu. Rudi hospitali palepale.

MUTOTO MWENYE MWILI MUGUMU

Kwa mutoto ambaye ubongo wake uliumia, kine haahidi kwamba ugonjwa utaisha. Mutu anayekuahidi vile anataka feza yako. Lakini mutoto anaweza kujifunza kukaa, kushika kijiko, kucheka na ndugu zake, na wengine kutembea. Kama hatupati kazi, viungo vyake vitafungana kama mulango wenye kutu, na kumuogesha tu kutakuwa vita.

Musaidizi atakuonyesha mambo haya, na atakuangalia ukiyafanya wewe mwenyewe:

Kumubeba. Kama miguu yake inapishana kama makasi, umufunge mu kikwembe ku mugongo, miguu imepanuliwa pande mbili za kiuno chako. Bibi zetu walibeba vile, na walifanya vizuri. Usimubebe kila mara amelazwa ku mikono kama kitoto kichanga.

Kumukalisha. Umuweke mu beseni yenye vikwembe pembeni, ama mu kona ya ukuta, ama fundi wa mbao atengeneze kiti cha kona. Mutoto anayelala chali siku yote anaona dari tu. Aliyekaa anaona watu, na anataka kushika vitu.

Kumulisha. Umulishe amekaa, kichwa kimeinama kidogo mbele. Usimimine uji mu kinywa amelala na kichwa kimeanguka nyuma. Uji unaingia mu mapafu, na watoto wengi wanakufa na kikohozi cha namna hii.

Kumunyosha. Pole pole, ukihesabu mpaka ishirini, bila kushindana naye. Ukivuta kwa nguvu, mwili unakaza zaidi. Umupake mafuta kama unapenda, umuimbie, na ungoja mpaka mwili wenyewe ulegee.

Fanya hivi wakati wa kumuogesha, wakati wa kumuvalisha, wakati wa kupika sombe. Hii si kazi mupya ya kuongeza juu ya zile uko nazo. Ni namna ingine ya kufanya kazi zenye unafanya kila siku.

MAMBO YA KUKATAA

Kine si mutu wa kuchanja chale, wala wa kuvunja ili kunyosha, wala wa kukandakanda tu na mafuta. Mutu akivuta mukono wa mutoto mpaka alie sana, umukataze. Ukiona kiungo kimevimba, kina moto, na mutoto ana homa, usikande hata kidogo. Munganga aangalie kwanza: pengine ni usaha ndani ya mufupa.

KAMA MUTOTO WAKO ANATAKA KAZI HII

Labda uko na binti ama kijana anayeangalia chumba kile na kusema: "Mama, mi pia nataka." Usimucheke. Watu wa kazi hii ni wachache sana mu inchi yetu.

Njia ya kwanza ni ndefu. Amalize masomo ya sekondere na apate diploma ya Serikali. Kiisha aingie mu masomo ya juu. Kwa mufano, Kinshasa kuko ISTM, shule kubwa ya kazi za hospitali, yenye inafundisha kineziterapi. Kule anajifunza majina na kazi ya mifupa, misuli na mishipa, magonjwa, na anafanya stage mu hospitali. Akimaliza, anakuwa kine mwenyewe.

Njia ya pili ni ya musaidizi. Mu hospitali nyingi za mbali, musaidizi alianza kama infirmiye wa A2, aliyesoma mu shule ya ITM, halafu akafundishwa kazini pembeni ya kine. Uulize kwa hospitali yenu namna gani wanachagua watu. Mbele ya kulipa feza ya shule yoyote, uulize kwanza kama shule inajulikana na Serikali, na kama diploma yake inakubaliwa ku hospitali. Kuna shule zenye zinauza karatasi tu.

Lakini karatasi haitoshi. Umuangalie mutoto wako:

– Anaweza kurudilia jambo moja mara mia bila kukasirika?
– Anaheshimu mutu kilema, ama anamucheka?
– Anachunga siri?
– Anakubali kukata kucha, kunawa mikono, kuandika kila siku?
– Anajua kusema, "Hii sijui, niulize mukubwa wangu"?

Kazi inachokesha mugongo, juu kuinua wagonjwa si muchezo: inafaa kukunja magoti na kuweka mugonjwa karibu na kifua. Feza si nyingi, na wakati mwingine inakawia. Furaha pia inakawia. Infirmiye anatoa dawa leo, homa inashuka kesho. Musaidizi wa kine anangoja miezi sita ili aone mutoto akikaa bila kushikwa. Tunahitaji wanawake mu kazi hii, juu mama aliyeumia wakati wa kuzaa anafungua moyo wake mbele ya mwanamuke mwenzake.

NENO LA MWISHO

Mama, hesabu vizuri. Musaidizi anaona mutoto wako labda nusu saa kwa juma. Saa zote zingine mutoto iko mikononi mwako. Musaidizi wa kine ni mwalimu, na mwanafunzi wake wa kwanza ni wewe. Kwa hiyo, siku utakapoingia mu chumba kile, usiulize, "Dawa iko wapi?" Uulize, "Unionyeshe tena, nifanye mbele yako." Usitoke mbele mikono yako haijajua.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA KU BARAZA

1. Sababu gani mutoto wa muguu uliopinda anavaa viatu vya chuma hata kama muguu umekwisha kunyoka?
2. Vidole vya mutoto mwenye platri vikiwa vya baridi, utafanya nini, na lini?
3. Namna gani unabeba mutoto ambaye miguu yake inapishana?
4. Mu kijiji chenu kuna mutoto anayefichwa mu nyumba juu hatembei? Nani kati yenu atakwenda kuongea na mama yake juma hili?